Meneja anatugombanisha kwa kamisheni, kisha madeni tunakatwa sisi

Wakuu,

Huu ni mwaka wangu wa 6 nikiuza bidhaa za majumbani kwa msambazaji mmoja hapa Dar es Salaam, upande wa Temeke, na nimechoka kuambiwa kila kikao cha Jumatatu kwamba maafisa mauzo tuna tabia ya kugombana. Hatukuwa hivyo. Hadi mwaka juzi kila mmoja alikuwa na ruti yake, na kamisheni ililipwa baada ya fedha ya mteja kuingia benki. Alipokuja meneja huyu alifuta mipaka ya ruti akidai soko ni la wote, na akaagiza kamisheni ihesabiwe siku ankara inapokatwa, mteja awe amelipa au hajalipa.

Matunda yake niliyaona Tandika. Nilimpelekea mama mmoja wa duka la jumla, mteja wangu tangu nianze kazi, katoni 40 za sabuni kwa shilingi 31,500 kila moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta droo ya kaunta na kutoa ankara ya jana yake, yenye nembo ile ile ya kampuni yetu, kwa bei ya 30,000, imesainiwa na mwenzangu wa Mbagala. Akaniuliza, "Mwanangu, kumbe miaka yote hii ulikuwa unanipiga?" Sikuwa na la kumjibu, nikarudi na mzigo.

Mwenzangu huyo tulikwaruzana vibaya, lakini lawama si zake. Zilibaki siku 2 mwezi ufungwe, lengo lilikuwa limepandishwa katikati ya mwezi, na punguzo lile meneja mwenyewe aliliidhinisha kwa ujumbe wa simu. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi mzigo unarundikwa madukani kwa mali kauli, yaani mteja achukue sasa alipe baadaye, ripoti inapendeza, na wiki inayofuata tunaanza kukimbizana na wadaiwa.

Lililonifanya niandike ni hili: mwezi uliopita mdaiwa mmoja alifunga duka usiku na kuhama, na kijana aliyemhudumia akakatwa nusu ya mshahara, bila barua wala kusikilizwa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayemkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara athibitishe kosa la mfanyakazi huyo, ampe maandishi yenye sababu na hesabu ya deni, ampe nafasi ya kulipinga, na asikate zaidi ya robo ya ujira wake. Hapa kosa ni la nani, ikiwa aliyesaini idhini ya mkopo ni meneja?

Tumekubaliana kudai kwa maandishi kijana huyo arudishiwe fedha yake, ruti zirejeshwe, na kamisheni ilipwe fedha ikishaingia. Aliyewahi kupeleka shauri la makato ya mshahara Tume ya Usuluhishi na Uamuzi naomba anieleze alibeba vielelezo gani, kwa kuwa ankara na ujumbe wa idhini tunavyo.