Kampuni ya Nakuru ilinizimia springla Oktoba "kabla ya barafu", Januari sakitu (barafu nyembamba ya usiku) ikamaliza viazi

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo.

Nyumbani ni Mau Narok, huku juu, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Aprili mwaka jana nililipa kampuni moja ya Nakuru mjini iniwekee springla, vile vinyunyizio vya maji, kwenye shamba la nyuma ya nyumba. Ni nusu ya robo ekari, mita za mraba 500 hivi: viazi vya Shangi, maharagwe, sukuma, na nyasi kidogo pale mlangoni. Tangi la lita 5,000, pampu, chujio, paipu nyeusi za plastiki chini ya udongo, taima ya kuwasha na kuzima maji ukutani. Kazi ya kuweka ilikuwa safi, silalamiki. Kilichonitoa roho ni hii "huduma ya mwaka" yao.

Oktoba wakatuma vijana wawili na kompresa, mashine ya kusukuma hewa, kwenye pikapu. Shilingi 14,500, lipa kwanza. Walipuliza maji yote yakatoka kwenye paipu, wakafunga valvu kuu, wakazima taima na kubandika karatasi: usifungue mpaka Machi, ukifungua waranti imekufa. Nilipouliza sababu nikaonyeshwa kijitabu kilichokuja na springla. Kimechapishwa Marekani. Kinasema mfumo ukaushwe kabla ya barafu ya kwanza, mwezi wa kumi.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye baraza akichambua maharagwe. Akamwambia yule kijana, "Mwanangu, huku barafu haiji saa hii. Inakuja Januari, anga ikiwa nyeupe na upepo umelala." Kijana akamjibu, "Shosho, haya ni mambo ya kitaalamu." Mama amelima mlima huu tangu kabla kijana huyo hajazaliwa! Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Kijitabu chenyewe hakina kosa, kiliandikiwa watu wengine. Mtu wa Minnesota, jimbo la baridi kali huko Marekani, udongo wake unaganda, miaka mingine mpaka kina cha zaidi ya mita moja. Paipu ya springla iko sentimita 20 au 30 tu chini, kwa hiyo maji yaliyobaki ndani yanakuwa barafu, na maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Paipu inapasuka, valvu inapasuka, na hajui mpaka majira ya kuchipua akifungua maji. Kwake kupuliza paipu Oktoba ni lazima. Mau Narok udongo haugandi. Sakitu yetu ni ya juu juu: usiku hauna mawingu, joto la ardhi linapanda angani, hewa baridi inateremka na kutulia bondeni, alfajiri majani yamekuwa meupe, saa tatu jua limeyeyusha yote. Cha kulinda hapa ni kile kilicho nje: chujio, mpira unaotoka kwenye pampu, bomba la mlangoni. Gunia kuukuu na kamba vinatosha, na ukitaka zaidi, mwaga maji ya chujio jioni.

Hata hiyo kazi ya Kimarekani hawakuifanya vizuri. Paipu nyeusi kama zangu hazitakiwi kupata hewa yenye shinikizo la zaidi ya 50 kwa kipimo cha PSI; zile nyeupe ngumu za PVC ndizo zinavumilia mpaka 80. Mimi mwenyewe niliona mshale wa kompresa ukipita 100. Tena unapuliza sehemu moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, kwa sababu springla inayozunguka ina gia za plastiki ndani, na zikizungushwa na hewa kavu bila maji zinapata moto na kuharibika. Wao waliacha kompresa ikinguruma wakaenda kunywa chai yetu. Matokeo: springla nne hazizunguki, jointi mbili zimeachia.

Sasa Januari. Mvua ilikatika Desemba, udongo ukawa vumbi. Maji yamefungwa, karatasi iko ukutani, na mimi kwa kuogopa waranti nilikuwa nabeba mitungi na kijana wa kazi. Mitungi haifiki shamba lote. Sakitu ikapiga usiku mbili mfululizo. Viazi vilivyokuwa vinatoa maua viligeuka vyeusi kama vimemwagiwa maji moto. Pale tulipokuwa tumemwagia kwa mitungi, mistari mitatu karibu na tangi, majani yaliungua ncha tu.

Udongo wenye unyevu hubeba joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Udongo mkavu hauna cha kutoa. Ukimwagilia mchana, kabla ya usiku wa anga safi, unaongeza nafasi ya mimea kupona. Kwa maneno mengine walinizimia kile kifaa hasa ambacho kingenisaidia, na wakanilipisha kwa kukizima.

Na kabla mtu hajanishauri niwashe springla usiku sakitu ikianza: usijaribu ukiwa na tangi dogo. Maji yakiganda juu ya jani hutoa joto, kama kalori 80 kwa gramu, na ndiyo maana wenye mashamba makubwa hunyunyizia usiku kucha. Lakini yakikauka hunyonya karibu kalori 600. Ukizima maji katikati umelibaridisha jani kuliko kama hungeligusa. Lazima uendelee mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Shamba langu, kwa milimita 3 kwa saa, linataka lita 1,500 kila saa. Tangi langu lingekauka baada ya saa tatu na kitu, saa nane ya usiku, baridi ikiwa bado haijafika kilele.

Nimepiga simu mara nne. Dada wa mapokezi ni mpole, hana kosa. Meneja ndiye aliyeniambia, "Mzee, utaratibu wetu ni huo kwa wateja wote." Wateja wote! Nakuru mjini, Naivasha, Mau Narok, kila mtu Oktoba.

Nataka 14,500 zangu, springla nne mpya, na hiyo karatasi yao waje waitoe wenyewe mbele ya mama yangu na wamwambie samahani. Risiti ninayo, picha za mshale wa kompresa ninazo. Kama kuna mwingine huku Molo, Elburgon au Kuresoi aliyefungiwa maji hivyo hivyo, aandike hapa chini tuende ofisini kwao pamoja. Na mwenye kumjua fundi wa Njoro anayeweza kubadilisha gia za springla bila kuniuzia nzima, anisaidie namna ya kumpata. Jointi nimeshafunga mwenyewe, maji yamerudi tangu jana.