Nafanya kazi siku zote 7, mtoto hanijui, nifanyeje?

Muuliza swali:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 31, naishi Kimara, nauza kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Natoka saa 11 alfajiri narudi saa 3 usiku, mtoto namuacha amelala namkuta amelala. Hela kidogo inakaa ila juzi kaniita anko, roho iliniuma sana. Nyie mnabalansije?

Jibu:
Pole mkuu, hiyo ya anko imenigusa. Duka ni lako au umeajiriwa? Kama umeajiriwa, sheria ya kazi ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki na siku zisizidi 6, ovataimu inalipwa na ina kikomo, halafu kuna likizo ya siku 28 yenye malipo. Anza kuomba jumapili tu, ongea kwa utaratibu.

Jibu:
Mdogo wangu nimepita hapo hapo. Mimi duka lilikuwa langu, nikachukua mkopo kwenye kikoba nikaweka kijana wa kunisaidia, jumapili simu nazima hadi saa 10 jioni tunapika pilau na wanangu. Sikufichi mauzo yalishuka miezi 2 ya kwanza na mke wangu aliogopa, ila yule mdogo sasa hivi akisikia geti tu anakimbia kuja.

Muuliza swali:
Nimeajiriwa. Hizo siku 28 sikuzijua kabisa jamani, tangu 2021 sijapumzika. Kesho asubuhi namfuata bosi, asanteni sana.