Nina kambi ya mahema na magari ya kulalia Likoni. Nijiunge na chama gani?

Mama Kambi, Likoni

Hamjamboni nyote. Swali langu nitalieleza kwa urefu kidogo, maana kazi yangu wengi hawaijui.

Nina shamba la ekari moja na nusu upande wa Shelly, urithi wa marehemu babangu. Lina minazi, mbuyu mmoja na kisima cha maji ya chumvichumvi. Tangu 2017 napokea wageni wa mahema na wale wanaozunguka Afrika na magari yenye kitanda na jiko ndani. Wengi wao gari huja kwa meli, lishuke Kilindini. Wanalala kwangu katika hema siku tatu, nne, pengine kumi, wakingoja karatasi za forodha. Gari likitoka wanakuja nalo, wanafua, wanajaza maji, halafu hao, Tsavo au Lunga Lunga kuingia Tanzania.

Chumba sina hata kimoja. Nina nafasi tisa za magari, uwanja wa mahema, vyoo vinne, mabafu matatu, jiko la makuti la wageni na soketi za stima. Wafanyakazi ni wanne.

Mwaka jana nilikwenda kulipia kibali katika ofisi fulani. Aliyekuwa akijaza fomu akaniuliza nina vitanda vingapi. Nikamwambia sina, mgeni wangu huja na kitanda chake. Akasema hapo lazima paingie nambari. Akaandika 18, nikalipa kama mwenye gesti ya vitanda 18. Pesa iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilitoka pale nikiwa sina hata mtu mmoja wa kumpigia simu anayeijua kazi hii.

Na si mara ya kwanza kukosa mtu wa kumuuliza. Haya magari yana choo cha kaseti, yaani tangi dogo la uchafu linalochomolewa likamwagwe, na ndani ya kaseti hutiwa dawa ya buluu ya kuzuia harufu. Nilipoanza sikujua. Wageni walikuwa wakimwaga kwenye septiki yangu, na ile dawa ikaua vijidudu vinavyokula uchafu. Shimo likajaa kabla ya wakati wake, harufu ikafika kwa majirani, nami nikaita gari la kunyonya mara mbili kwa mwezi mmoja. Fundi wangu alikuwa akilaumu mvua za masika. Mwenye kambi mwenzangu angeniambia sababu kwa dakika mbili.

Mwezi wa pili nilikuwa na mume na mke kutoka Montana, Marekani, wenye kambi yao kwao. Wakaniambia wao wamo katika chama cha kitaifa cha wenye kambi na viwanja vya magari ya kulalia. Zamani kiliitwa ARVC, tangu 2023 ni OHI. Kina mafunzo, kina mkutano wa kila mwaka, na sheria ikitungwa inayogusa kambi, chama huenda kuwasemea. Nilisikiliza mpaka chai ikapoa.

Sasa nauliza. Niingie KAHC, chama cha wenye hoteli? Au chama cha utalii cha hapa Pwani? Au nijaribu hao wa Marekani? Aliyemo katika chochote kati ya hivi aniambie amepata nini hasa.

Mzee wa Hesabu, Nyali

Mwanangu, nimefanya hesabu za hoteli za pwani miaka 22, kwa hiyo nianze na ninayoyajua.

KAHC ni chama cha tangu 1944 na kina tawi hapa Pwani. Kina uzito. Kimo ndani ya KTF, shirikisho la vyama vya utalii linalozungumza na serikali. Lakini jambo moja ulielewe kabla hujajaza fomu: KAHC ni chama cha waajiri pia. Ndicho kinachoketi na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, wakaandikiana makubaliano ya pamoja ya mishahara, posho ya nyumba na likizo. Ukiwa mwanachama, makubaliano hayo yanakuhusu. Mimi naona ni jambo jema kwa wafanyakazi wako, ila chukua nakala kwanza, ukae na kalamu, uone kama mapato ya nafasi tisa yanaweza kuwalipa watu wanne kwa kiwango hicho hata mwezi wa tano ambapo uwanja ni mtupu.

La pili, chama hakiondoi leseni. Leseni ya TRA, mamlaka ya serikali inayosimamia biashara za utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011 utaitafuta vile vile, kibali cha kaunti vile vile, na ule ushuru wa utalii wa asilimia 2 uwaulize Tourism Fund, mfuko wa serikali unaoukusanya, jinsi unavyokuhusu. Nimewahi kuona mtu amening'iniza cheti cha uanachama ukutani akidhani kinamkinga na wakaguzi. Hakikumkinga.

Kuhusu vile vitanda 18: umekata rufaa kwa maandishi? Barua ya ukurasa mmoja, picha za uwanja, na nakala ya risiti. Wapelekee, wapige muhuri nakala yako.

Fundi Stima, Kisauni

Mamangu, mimi kwa upande wa umeme tu. Ukichukua vitabu vya Wamarekani, kurasa za stima uzisome kwa tahadhari kubwa. Magari yao ni ya volti 120 na hezi 60, na nguzo za stima katika kambi zao zina soketi za ampia 30 na 50. Sisi ni volti 240, hezi 50. Mgeni wa Marekani akichomeka kwako bila transfoma, friji, chaja na kila kitu kimekwenda, na atakudai wewe. Gari la Ulaya halina tabu, plagi yake ni ile ya buluu ya duara, pini tatu, ampia 16.

Kila nafasi iwe na RCD yake ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme ukivuja. Usiweke moja kwa uwanja mzima, maana gari moja bovu litawatia wote gizani saa mbili za usiku. Na Shelly ni chumvi tupu hewani. Fungua masanduku ya soketi kila baada ya miezi mitatu, utaona kutu ya kijani kwenye shaba.

Lakini kanuni zao za kambi, NFPA 1194, zitafute usome habari za moto. Hema, gesi ya kupikia na makuti ni majirani wabaya.

Mahema Tiwi

Dada, hatimaye! Mimi nina uwanja wa mahema Tiwi, mdogo kuliko wako, magari matano nikiyabana.

Kaseti: chimba shimo lake peke yake, mbali na kisima, lisiungane na septiki. Langoni nimeweka kibao kinachowaambia wageni, na nauza sabuni ya kaseti isiyo na fomalini, ile kemikali inayoua vijidudu, kwa wanaotaka. Tangu hapo sijaita gari la kunyonya isipokuwa mara moja kwa mwaka.

Vyama: nimo katika chama kimoja cha utalii cha hapa pwani, huu mwaka wa tatu. Nitakwambia ukweli wangu. Wateja sijaletewa. Nilichopata ni kiti. Ada za kaunti zilipojadiliwa nilikuwa ndani ya chumba, nikanyoosha mkono, nikaeleza kwamba hema si kitanda. Waliokuwa pale walikuwa wenye hoteli na wenye magari ya watalii. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye habari za ndege. Kwa hiyo kiti kimoja hakitoshi, dada. Tunahitaji viti.

Wale wa Ecotourism Kenya pia uwaangalie, wako tangu 1996. Wana daraja zao za shaba, fedha na dhahabu kwa malazi yanayotunza mazingira, na mgeni wa Ujerumani huuliza habari hizo kabla hajauliza bei.

OHI ni ya kwao, imejengwa juu ya sheria za kwao. Jifunze kutoka kwao, lakini ada yako ifanye kazi hapa. Na wageni Waingereza wakikutajia Caravan and Motorhome Club, ujue hiyo ni klabu ya wasafiri tangu 1907. Inamsemea mwenye karavani. Mwenye uwanja ana chama kingine.

Na tukitaka chama chetu wenyewe, Sheria yetu ya Vyama huhesabu kuanzia watu kumi. Mimi nawajua wenye kambi wanne kati ya Tiwi na Diani, nami nikiwa mmoja wao. Wewe watano. Kikambala wapo wawili nimewahi kuwasikia.

Mama Kambi, Likoni

Mzee wangu, shikamoo. Barua nimeiandika jana usiku, picha tisa za nafasi tisa, na nimepiga picha mpaka mbuyu. Nitaipeleka Jumatatu na nakala nitagongesha muhuri. Kuhusu KAHC, nimewaita wafanyakazi wangu wanne tukakaa jikoni, nikawaambia kuna makubaliano ya namna hiyo. Mmoja wao yuko nami tangu siku ya kwanza. Aliniuliza kama posho ya nyumba imo. Nataka kumjibu kwa hesabu, kwa hiyo nakala nitaitafuta kabla ya fomu yoyote.

Fundi, nimefungua sanduku la nafasi ya saba. Kijani tupu. Naomba uje.

Dada wa Tiwi, hiyo kauli ya kwamba hema si kitanda nimeisoma mara tatu. Chama cha utalii cha pwani nitaingia mwaka huu, ili mwezi ujao uninyoshee mkono nami nikunyoshee. Lakini na hilo la watu kumi tusilipoteze. Nimepiga simu Kikambala asubuhi hii. Si wawili, ni watatu, na mmoja ana swali la kaseti lile lile. Tumefika wanane.

Jumamosi baada ya adhuhuri, kwangu, chini ya mbuyu. Mahamri yatakuwepo na mbaazi. Asiyetaka foleni ya feri apitie Dongo Kundu. Kila mtu aje na risiti zake za kibali za mwaka jana, tuziweke pamoja juu ya meza tuone nani aliandikiwa vitanda vingapi.