Mihai Covaliu hakubahatisha Sydney, acheni kumshusha

Wakuu, salaam.

Kila mchezo wa vitara (kupigana kwa panga za michezo) ukitajwa humu lazima atokee mtu aseme Covaliu wa Romania alibahatisha dhahabu ya Olimpiki ya Sydney 2000, eti sabre, aina ya upanga anaoutumia, ni kukimbiliana tu, taa ya mashine inayoonyesha umemgusa mwenzako ikiwaka umeshinda. Inaudhi, maana wanaosema hivyo hata hiyo taa hawaielewi.

Sabre unapata pointi kwa kukata au kuchoma, kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa kikiwemo. Taa mbili zikiwaka pamoja, mwamuzi ndiye anayesema pointi ni ya nani: nani alianza kushambulia, nani alikinga kwanza (alizuia upanga wa mwenzake) ndipo akarudisha pigo. Huyo ndiye mwenye haki ya pointi.

Halafu kuna mashine. Kitara kimoja kikishagusa, mashine humpa mwenzake muda mfupi naye aguse, kisha inajifunga, haihesabu tena mguso. Enzi za Sydney muda huo ulikuwa milisekunde 300 na ushee. Ukichelewa kidogo taa yako bado inawaka, na kama haki ya pointi ni yako unahesabiwa. Baada ya Olimpiki ya Athens 2004 muda huo ukakatwa hadi milisekunde 120. Hapo ndipo wengi waliharibikiwa. Unakinga vizuri kabisa, lakini ukizungusha mkono mzima kabla ya kurudisha, au ukitulia na kinga kidogo tu, yule uliyemkinga anasukuma upanga wake uleule, unakugusa, mashine inajifunga na taa yako haiwaki. Pointi imekwenda, na mwamuzi hana la kukusaidia. Ilibidi kinga na kurudisha viwe tendo moja, bega litulie, kazi ifanywe na kifundo cha mkono na vidole. Mtu aliyezoea mwendo wa zamani tangu utotoni haachi mazoea hayo kwa wiki mbili.

Sasa mtazameni Covaliu. Sydney, kwa muda wa zamani, alimshinda Mathieu Gourdain wa Ufaransa 15-12 kwenye fainali. Leipzig 2005, kwa muda mpya, akawa bingwa wa dunia. Beijing 2008 akachukua shaba, miaka 8 baada ya dhahabu. Bahati gani hiyo inayomfuata mtu kabla na baada ya sheria kubadilishwa?

Kingine kinachokera: siku hizi anatambulishwa kama kiongozi tu, kwa kuwa mwaka 2016 alichaguliwa kuongoza kamati ya Olimpiki ya Romania. Ubingwa hautajwi kabisa! Kwenye vitara, Romania imepata dhahabu nyingine za Olimpiki za mchezaji mmoja mmoja kwa Ion Drîmbă mwaka 1968 na Laura Badea mwaka 1996, wote wa foili, aina nyingine ya upanga. Kwa sabre ni yeye peke yake.

Mwenye kushikilia kwamba ni bahati, achukue video ya ile 15-12, aitazame pointi moja baada ya nyingine, kisha aje hapa atuonyeshe ni ipi aliyopewa bure na kwa kosa gani la mwamuzi.