Ufa wa boti ya faiba: poliesta au epoksi? Na stata, ikarabatiwe au inunuliwe mpya?

boti_Dunga
Habari zenu wadau. Boti ni ya faiba, futi 23, inabeba wageni hapa Dunga. Imegonga mwamba na sasa ina ufa wa sentimita 40 chini ya maji. Faiba hapo ina unene wa milimita 5. Kuna wanaosema rezini (gundi ya maji inayoganda) ya poliesta na mati (mkeka wa nyuzi za kioo), kuna wanaosema ya epoksi. Zaidi ya hayo, stata (mota ya kuwashia) ya injini ya nguvu farasi 40 inalia "tak" bila kuzungusha. Mnanishauri nini, na pesa ianzie wapi?

FaibaMbita
Kwa ufa huo poliesta inatosha, na ni nafuu. Viraka vingi hubanduka kwa sababu sehemu haikusagwa vya kutosha. Mteremko unaotakiwa (kingo za ufa zisagwe zishuke taratibu) ni mara 12 ya unene: faiba ya mm 5 inataka mm 60 kila upande wa ufa. Watu husaga sentimita mbili wakaridhika.

Boti ikauke kwanza. Bandika nailoni juu ya sehemu iliyosagwa, ziba kingo kwa selotepu, ulale nayo hivyo. Asubuhi ukikuta unyevu upande wa ndani wa nailoni, subiri tena. Na kabla ya hayo yote, hata kabla hujaanza kusaga, pangusa kwa asetoni, kwa sababu msasa huisukuma nta na grisi ndani ya mikwaruzo. Tumia msasa namba 36 au 40.

Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa takriban mm 1 kwa tabaka, kwa hiyo weka tabaka 5. Rezini ipimwe kwa uzito: mara 2 hadi 2.5 ya mati. Nusu kilo itakutosha na nyingine ibaki. Hadena (dawa ya kuigandisha rezini) ni asilimia 1 kwa joto la mchana wa Kisumu, kama ml 5 kwa gramu 500, lakini changanya gramu 250 kwa mkupuo mmoja. Ukipita asilimia 2 inaganda kikombeni. Ukishuka chini ya 1 huenda isikauke kabisa.

NahodhaUsenge
Fundi wa Mbita, kuhusu kusaga sina neno. Ila kwa ufa ulio chini ya maji mimi naunga mkono epoksi. Poliesta mpya juu ya poliesta ya zamani hutegemea zaidi ile mikwaruzo ya msasa. Epoksi inashika kwa nguvu zaidi na hupitisha maji kidogo. Na tusisahau kwamba maji baridi kama ya ziwa letu hutoa malengelenge kwenye faiba kwa urahisi kuliko maji ya chumvi.

Lakini epoksi ina masharti yake, na aliyezoea poliesta huyavunja bila kujua. Hadena yake haiongezwi ili ikauke haraka. Kama kopo linasema 5 kwa 1, basi ni 5 kwa 1. Ukizidisha, inabaki kama mpira milele. Pili, mati ya kawaida imeshikwa na gundi inayoyeyushwa na poliesta. Ndani ya epoksi gundi hiyo haiyeyuki, mati inabaki ngumu na kuficha hewa. Nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa. Tatu, epoksi ikikauka hutoa utando wa kuteleza: uoshe kwa maji safi na kwaruza kabla ya tabaka linalofuata.

FaibaMbita
Ni kweli, ila mwenye boti ajue kwamba hapo pakiingia epoksi, kiraka kijacho nacho ni epoksi, maana poliesta haiishiki vizuri. Jelikoti (ganda la nje linalong'aa) ya kawaida nayo husumbua juu yake. Itabidi apake rangi, kwani jua huiharibu epoksi iliyo wazi.

Kwa rezini yoyote ile, anza na kipande kikubwa kuliko vyote, kisha punguza. Kile kikubwa kinashika mteremko mzima, na utakaposawazisha mwishoni msasa hautakata kingo zake.

UmemeWaBoti
Stata: usiifungue wala usinunue mpya kabla ya kupima. Betri ikiwa imetulia isome volti 12.6. Mwenzako akizungusha ufunguo, ikishuka chini ya 9.6, shida ni betri au stata inavuta umeme kupita kiasi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye nati ya stata, azungushe tena. Ukiona zaidi ya 0.5, waya, tamino (ncha ya kufungia waya) au solenoidi (swichi ya stata) inakula umeme. Upande wa hasi, kati ya betri na bodi (gamba la chuma) ya stata, usizidi 0.3. Mara nyingi "tak" hiyo hutoka kwenye tamino lenye kutu ya kijani, na dawa yake ni brashi ya waya.

Pande zote zikiwa safi, ndipo uishushe. Kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani) zikiisha zinabadilishwa, komyuteta (shaba inayoguswa na kaboni) inasafishwa kwa msasa laini wa 400. Bendiksi (gia inayochomoka kushika injini) isipakwe grisi nzito, inanasa vumbi na kukwama. Nunua mpya kama armecha (sehemu ya ndani inayozunguka) imeungua. Harufu yake utaijua. Kwa injini ya petroli iliyo ndani ya boti, stata ya gari ni hatari: cheche zake zinaweza kuwasha mvuke wa petroli.

boti_Dunga
Asanteni sana. Swali moja: ukuta wa nyuma unaobeba injini, ukiugonga kwa nyundo unatoa sauti nzito, kama tope.

NahodhaUsenge
Ndugu, pesa ianzie hapo. Plaiwudi ya ndani huenda imeoza. Toboa tundu la mm 5 kwa upande wa ndani, chini karibu na sakafu, uangalie unga wa mbao unaotoka. Ukiwa mweusi na umeloa, shusha injini leo, usisubiri stata wala ufa. Kwenye mbao hakuna ubishi: epoksi, kwa sababu poliesta haishiki plaiwudi vizuri. Unga ukitoka mweupe na mkavu, ziba tundu kwa epoksi siku hiyo hiyo.