Hamu ya toleo la tano la Dungeons & Dragons imetuishia: tulikarabati au tulihame?

Mtunza Ramani:
Ndugu wachezaji, nimekuwa mwendesha mchezo, yaani msimulizi na mwamuzi wa mchezo huu wa kuigiza wahusika mezani, kwa toleo hili tangu lilipotoka mwaka 2014. Nililipenda kwa sababu lilifuta utitiri wa nyongeza na mapunguzo ya hesabu, likaweka nafuu, yaani kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Mapenzi hayo yamepungua mwaka hadi mwaka. Kitabu cha mwendesha mchezo kilikadiria kwamba kikundi kinaweza kuhimili mapambano sita hadi manane kabla ya mapumziko marefu, yanayomrudishia kila mmoja nguvu na uchawi wake, ilhali sisi tunaokutana jioni baada ya kazi tunapata pambano moja, au mawili tukijitahidi. Matokeo yake ni kwamba mchawi wa ngazi ya tano anamwaga tufe la moto lenye dadu nane za pande sita bila kuwaza kesho, huku mpiganaji, ambaye thamani yake ni kudumu siku nzima, akibaki na mapigo yake mawili ya upanga kama mpambe wa bwana harusi. Kipimo cha ukali wa madubwana hakinisaidii, kwa kuwa pambano la kawaida limekusudiwa kula sehemu tu ya akiba ya kikundi, nasi akiba hiyo tunaingia nayo ikiwa imejaa. Isitoshe, wachezaji waliolelewa na toleo hili hawajui kabisa kuogopa kufa. Je, tulikarabati au tuhamie mfumo mwingine?

Bi. Dadu:
Ndugu Mtunza Ramani, hoja yako ya mapambano sita sina ugomvi nayo. Kilichonichoma ni hilo neno "waliolelewa", maana mimi ni mmoja wao. Hatukulelewa kuwa majasiri wa bure. Tulisoma sheria na kuzifuata. Mhusika akifika sifuri ya pointi za uhai hafi, bali kila zamu yake anarusha dadu, kumi au zaidi ni salama, na hufa akikosea mara tatu. Kabla hajakosea hata mara ya pili, kasisi anatamka neno la uponyaji akiwa umbali wa futi 60, na bado anabaki na tendo lake la kawaida la kupigania. Mtu mwenye akili atasubiri mwenzake aanguke ndipo amwinue, kwa sababu pigo lililozidi sifuri halidaiwi. Ukitaka tuogope, walaumu walioandika kanuni, usiwalaumu wanaozisoma vizuri kuliko wewe.

Mzee Pande Nne:
Mwanangu, usikasirike. Sisi tulioanza na matoleo ya kale tulikuwa na mchawi wa ngazi ya kwanza aliyerusha dadu moja ya pande nne kupata pointi zake zote za uhai. Akipata moja, paka wa jirani alikuwa adui wa kutosha. Tena uzoefu ulipatikana kwa dhahabu uliyotoka nayo pangoni kuliko kwa kuua, kwa hiyo aliyelikwepa zimwi na kuibeba hazina ndiye aliyepanda ngazi. Ndiyo maana tulitembea kwa kunyata. Mtu akifika sifuri alizikwa, na karatasi ya mhusika mpya ikatolewa. Mambo yaliharibika toleo la tatu lilipotoka mwaka 1999.

Bi. Dadu:
Shikamoo, Mzee, ila mimi si mwanao. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000. Mwaka 1999 ndio Hasbro walipoinunua Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huu. Kuhusu kuzikwa kwenye sifuri, kitabu cha Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo, cha mwaka 1979 kilimwacha mhusika aliyefika sifuri apoteze damu pointi moja kila raundi hadi hasi 10, na wenzake waliweza kumwokoa kabla ya hapo. Kwa hiyo huo ukatili mnaojivunia mliupika mezani kwenu wenyewe.

Mzee Pande Nne:
Marahaba. Ukurasa huo ninao, na umeuacha mstari unaofuata. Aliyeokolewa namna hiyo alilazimika kupumzika wiki nzima, hawezi kupigana wala kufanya uchawi. Huyo wenu anainuka na kukata kichwa cha zimwi katika zamu hiyo hiyo.

Mwandishi wa Mapango:
Ninashangaa mnavyogombania sifuri wakati sababu iliyotuondoa wengi ni ya mwaka 2023. Leseni huria iliyokuwapo tangu mwaka 2000 ndiyo iliyotuwezesha sisi wadogo kuandika na kuuza visa vyetu, na mwezi Januari 2023 rasimu mpya ya kampuni ikavuja, ikitaka mrabaha wa hadi asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 na kuibatilisha leseni ya zamani. Mfumo ambao mwenye nao anaweza kuamka na kuikana ahadi yake haukarabatiki kwa sheria za usingizi.

Jongoo wa Nairobi:
Wewe umewahi kuuza visa vya dola 750,000?

Mwandishi wa Mapango:
Sijawahi, nawe hujawahi kuandika hata kisa kimoja, kwa hiyo swali lako lina thamani ile ile. Shida yangu haikuwa kiwango, ilikuwa kubatilishwa.

Jongoo wa Nairobi:
Mwezi huo huo wa Januari kampuni ilirudi nyuma, na hati ya kanuni za msingi ikawekwa chini ya leseni ya matumizi huru ya Creative Commons isiyoweza kufutwa. Wateja walishinda, nawe ukaondoka siku ya ushindi. Nikirudi kwa Mtunza Ramani, tofauti ya mchawi na mpiganaji anayoililia ilishapunguzwa mno katika toleo la nne, mwaka 2008, ambapo mpiganaji naye alipewa mbinu za kutumia mara moja kwa siku. Wengi waliolalamika juu ya tofauti hiyo walilikataa toleo hilo kwa kisingizio kwamba kila mtu amekuwa mchawi, wakahamia mchezo mshindani, Pathfinder, wa mwaka 2009, iliyoirudisha tofauti ile ile. Tusisingizie vitabu kila mara.

Mtunza Ramani:
Bwana Jongoo, sikuwa miongoni mwa hao, na "kulia" si neno la kumwambia mtu aliyeuliza kwa adabu. Kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 2014 kina kanuni ya hiari inayofanya mapumziko mafupi yawe saa nane na marefu yawe siku saba, ili mapambano sita yaweze kutawanywa katika wiki ya safari. Niliipendekeza mezani kwetu. Mchezaji wa mchawi alisema nimemlenga yeye, akaungwa mkono na kasisi, na mpiganaji akanyamaza ili tusigombane. Siwezi kukarabati kwa kanuni inayohitaji ridhaa ya anayefaidika na ubovu.

Bi. Dadu:
Basi hatimaye tatizo si sisi kutoogopa kufa.

Mtunza Ramani:
Ni hilo pia. Kuanzia ngazi ya tano kasisi anamfufua aliyekufa ndani ya dakika moja kwa almasi za thamani ya dhahabu 300. Kifo kimekuwa gharama ya dukani, na kwa sababu hiyo katika kampeni yangu nimeziondoa almasi sokoni.

Bi. Dadu:
Uliwaambia wachezaji kabla kasisi hajachagua uchawi huo, au baada?

Mtunza Ramani:
Baada. Soko ni la mwendesha mchezo.

Bi. Dadu:
Sasa nimeelewa kwa nini mchawi wako hakutaka zile siku saba.