Kusoma Kant kwa kikundi: kurasa hazilingani, na ahadi ya uongo inatushinda

Msomaji wa Kadutu
Ndugu zangu wa Bukavu, salamu. Tuko sita, tunasoma *Fondements de la métaphysique des mœurs* kwa Kifaransa, kitabu cha mwanafalsafa Mjerumani Kant juu ya msingi wa maadili. Kila mmoja ana chapa yake. Mtu akisema «ukurasa wa 94», wengine wanapotea. Tena kwenye mfano wake wa ahadi ya uongo (mtu anakopa akiahidi kulipa huku akijua hatalipa) mabishano hayaishi: wengi wanasema Kant anaikataza kwa sababu madhara yake ni mabaya. Ni kweli?

Mwalimu wa Ibanda
Ndugu, acheni namba za chapa. Tazameni pembeni mwa maandishi: chapa nzuri zina namba 387 hadi 463, kurasa za juzuu ya 4 ya maandishi ya Kant yaliyotolewa na Akademia ya Berlin. Mwenye fotokopi isiyo nazo azinakili kwa kreyo kutoka kwa mwenzake. Ni 77 tu. Sehemu ya 1 inaanza 393, ya 2 inaanza 406, ya 3 inaanza 446. Ya 2 peke yake inapita nusu ya kitabu, kwa hiyo msigawe vikao sawasawa. 421 hadi 424, penye mifano minne ya Kant, zipeni kikao kizima.

Kuhusu ahadi: hapana, madhara si hoja yake. Andikeni kwanza maksima nzima, yaani kanuni ambayo mtu anajiwekea anapotenda: tendo, hali, lengo. Chukueni likelemba, mchango wa kikundi ambao kila mmoja anaupokea kwa zamu: «Nikikosa pesa, nitaapa kuchangia hadi mwisho huku nikijua nitaacha baada ya zamu yangu, ili nizipate.» Sasa ifanyeni sheria ya watu wote. Hakuna atakayeamini kiapo, hakuna atakayetoa mchango; njia uliyotaka kuipitia imetoweka. Nia imejipinga yenyewe. Kuhesabu nani ameumia na kiasi gani ni kazi ya Mill, mwanafalsafa Mwingereza anayepima tendo kwa matokeo yake, 1861. Wengi hukwama kwa sababu wanaandika «nitadanganya» tu. Bila lengo, huoni kinachogongana.

Nyawera
Yote sawa, ila mifano minne haiendi njia moja. Ahadi ya uongo haiwezi hata kufikirika kuwa sheria. Kumnyima msaada mwenye shida kunafikirika, lakini huwezi kutaka kuwe sheria, maana nawe utahitaji msaada. Tofauti hiyo iko 424. Na anayesema «ni lile lile la usimtendee mwenzako usichopenda kutendewa», mfungulieni tanbihi ya 430: Kant anakataa, kwa kuwa mhalifu angemtupia hakimu hoja hiyo hiyo.

Msomaji wa Kadutu
Aksanti sana, Mwalimu, nawe Nyawera. Sehemu ya 3 tuiruke?

Mwalimu wa Ibanda
Hapana! Ya 2 inaonyesha wajibu ni nini kama upo. Kwamba unatufunga kweli ni kazi ya ya 3. Simameni 450, pale Kant mwenyewe anakiri hoja inaonekana kuzunguka: tunajihesabu huru ili tujione chini ya sheria, kisha tunasema tuko chini ya sheria kwa kuwa tu huru. Mmoja achore duara hilo kwenye karatasi kabla ya kufungua 451, la sivyo ulimwengu wa hisi (vitu vinavyoonekana kwetu) na ulimwengu wa akili (vitu jinsi vilivyo vyenyewe) utakuja bila kujulikana unajibu swali gani.